Ndiyo, Ni Plastiki. Sasa Tuongee Kuhusu Hiyo Bangili Yako "ya Asili"

Kila nikiweka video nikikata udongo wa polima, lazima atokee mtu aseme: "Hiyo ni plastiki, dada. Si kitu cha Kiafrika." Nusu ya kwanza ni kweli na sina ubishi. Polima si udongo, haujachimbwa mtoni popote. Ni unga wa PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainishi na rangi mpaka ukawa kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Unaukanda, unausukuma, unauoka kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 130 hivi, unatoka mgumu. Hakuna siri hapo.

Ni ile nusu ya pili imenifanya nikae niandike. Mara nyingi anayeisema amevaa bangili ya Kimaasai mkononi, na mimi ningependa tuulizane hiyo bangili imetoka wapi.

Lakini kwanza ufundi, maana historia yote imejificha ndani yake. Hereni za polima zina njia mbili kubwa za kutia nakshi. Moja ni kuchora juu: unatumia kalamu, brashi au sindano, unakwaruza mistari, unajaza rangi, unafuta inayozidi. Hiyo kila mtu anaielewa. Ya pili ndiyo huwafanya watu warudie video mara tano. Unatengeneza vijiti vya rangi na kuvipanga pamoja, cha manjano katikati, vyeupe vitano kukizunguka, kijani kuziba mapengo. Unabana vyote viwe gogo moja nene kama kikombe. Halafu unalifinya na kulivuta polepole mpaka liwe jembamba kama kidole. Ua lililokuwa pana kama mdomo wa kikombe sasa ni dogo kama kifungo cha shati, na halijapoteza hata petali moja. Sasa kata. Kila kipande kina ua lilelile, kama vile ndizi ukiikata mwanzo au mwisho ile nyota ya katikati iko palepale. Hujachora chochote. Umejenga picha, ukaivuta, ukaikatakata.

Huo ufundi haukuanza na plastiki. Ni wa kioo, na ni wa kale sana. Wamisri na Warumi walishaujua. Waliokuja kuufanya biashara kubwa ni watu wa Murano, kisiwa kilicho karibu na Venice, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa sababu jiji liliogopa matanuri yao yangeliteketeza. Pale walichukua donge la kioo cha moto lenye tabaka za rangi, mafundi wawili wakashika ncha mbili, na kila mmoja akaenda mbio upande wake. Donge linakuwa ufito mrefu. Ufito unakatwa vipande, ncha zinasuguliwa, na nyota ya buluu, nyeupe na nyekundu inajitokeza. Anayetajwa sana katika kubuni ule ushanga wa nyota ni mwanamke, Maria Barovier, binti wa fundi Angelo Barovier. Mwaka 1487 alipewa ruhusa ya kuwa na tanuri lake dogo. Nalitaja jina lake kwa makusudi. Katika historia nzima ya shanga, wanawake wanaojulikana kwa majina ni wachache mno ukilinganisha na kazi waliyoifanya.

Shanga hizo zilipakiwa kwenye meli, na baadhi ya shanga za Venice ndizo zilizotufikia sisi. Ila kabla sijafika huko, jambo moja liwekwe sawa, kwa sababu naona watoto wa shule bado wanaambiwa ati Wazungu ndio walileta shanga.

Kwenye pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, watafiti walichapisha mwaka 2018 habari za ushanga wa gamba la konokono wa baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Karibu na Naivasha, Enkapune ya Muto, kuna shanga za ganda la yai la mbuni za kama miaka 40,000. Na ukivuka kwenda Tumbe, kisiwani Pemba, wachimbaji walikuta vigae vingi sana vyenye mifereji, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, ambavyo watu walivitumia kusugulia makombe mpaka yakawa shanga za mviringo. Chungu kikivunjika hakitupwi, kinageuzwa kifaa cha kazi. Wakati huohuo bandari za pwani zilikuwa zikipokea vishanga vidogo vya kioo kutoka India. Yaani tangu zamani mambo mawili yalikwenda pamoja: tulitengeneza na tuliagiza, na hakuna aliyeona haya kwa lolote.

Sasa karne ya 19. Mwaka 1857 Richard Burton aliondoka pwani kwenda maziwa makuu, na katika kitabu chake aliandika kwamba Unguja palijulikana aina kama 400 za shanga, kila moja na jina lake, bei yake na mahali inapopendwa. Nyekundu ziliitwa samisami. Zilipendwa kiasi kwamba zilikuwa na jina la utani lenye maana ya kumaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake azipate. (Tunaonunua simu kwa mkopo tusicheke sana.)

Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Unguja na kugundua kwamba hili somo la shanga lilikuwa gumu. Nyeupe zinapokelewa Ufipa. Samisami zinatakiwa Unyamwezi. Nyeusi ni pesa kamili Ugogo, lakini kwingine hazina thamani. Zile kubwa kama yai la ndege, sungomaji, Ujiji ni mali, kwingine zinakataliwa. Ukikosea hesabu Unguja, unafika bara na mizigo ya wapagazi kadhaa ambayo haikununulii hata kuku.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya huku kwetu. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883, akijiandaa kuingia nchi ya Wamaasai, aligundua kwamba shanga zake haziuziki jinsi zilivyo. Zilikuwa kwenye nyuzi za urefu ambao Wamaasai hawautambui. Ikabidi msafara mzima utulie, wapagazi wafungue nyuzi zile na kuzitunga upya kwa kipimo kinachokubalika. Hebu fikiria hao wanaume wazima, waliozoea kubeba mizigo mizito kichwani, wamekaa chini wakitunga shanga siku baada ya siku kwa sababu mteja amesema hivyo ndivyo anavyotaka.

Hapo ndipo ile hadithi ya "Waafrika walidanganywa na vishanga" inaponikera. Hadithi hiyo inatufanya tuonekane kama watoto waliopewa peremende. Mteja wa bara alikuwa na jicho kali. Kiwanda cha Ulaya kilifuata macho yake, rangi kwa rangi, na mfanyabiashara aliyeleta rangi zilizopitwa na wakati alifilisika.

Lakini pia sitaki kuipamba hiyo biashara. Shanga hizohizo zilinunua pembe za ndovu, na kwenye njia hizohizo watu waliuzwa. Jicho lilikuwa letu, faida kubwa ilibaki kwingine. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na anayekupa moja bila lingine anakuuzia kitu.

Turudi kwenye bangili yako. Vile vishanga vidogo vya kioo vilianza kuingia kwa wingi Umaasaini kuelekea mwisho wa karne ya 19. Kabla ya hapo urembo ulikuwa wa mbegu, mifupa, magamba, ngozi na madini. Kwa miaka mingi sasa vishanga bora wanavyotumia akina mama wa Kimaasai vimetoka Ucheki, eneo la Jablonec, ambako kioo bado kinavutwa na kukatwa. Kumbe ile bangili ya "asili" ina malighafi iliyopanda ndege au meli kama tu udongo wangu!

Je, hiyo inaifanya isiwe ya Kimaasai? Hapana, hata kidogo. Cha Kimaasai ni mpangilio: rangi gani ikae kando ya ipi, mstari ukatike wapi, nani anavaa nini na lini. Hiyo haitoki Ucheki. Na kwa maoni yangu zile karatasi ndogo wanazopewa watalii, nyekundu ni ushujaa, buluu ni mbingu, zinaupunguza huo ujuzi. Zinageuza jicho la mama aliyeshona tangu utotoni kuwa kamusi ya maneno sita.

Tuna mfano mwingine wa karibu, na huu ni wa udongo wa kweli. Mwaka 1975 Susan Wood alianzisha karakana ndogo ya shanga za udongo huko Karen, Nairobi, akianza na akina mama wawili waliohitaji kazi. Ndiyo Kazuri ya leo. Udongo wao unachomwa kwenye tanuri, unapakwa rangi kwa mkono, unachomwa tena ung'ae, na kazi hiyo imelisha mamia ya wanawake. Watu huuita ufundi wa jadi wa Kenya. Mimi naona ni wa kisasa kabisa, una umri mdogo kuliko mama zetu wengi, na sioni ubaya wowote. Mila nayo ina tarehe ya kuzaliwa.

Polima ilizaliwa wapi, basi? Kwenye nyumba ya wanasesere. Ujerumani kulikuwa na Käthe Kruse, mtengenezaji maarufu wa wanasesere, na binti yake Sofie, aliyeitwa Fifi, alipata plastiki ya kufinyanga miaka ya vita vya pili vya dunia akaanza kuichezea. Baadaye akaiuza kama vifurushi vya rangi vya kutengenezea mapambo. Mwaka 1964 kampuni ya penseli ya Eberhard Faber ikanunua wazo hilo, ikatoka FIMO: Fifi na mosaiki ndani ya neno moja. Marekani nako kampuni ya Polyform ilikuwa na Sculpey yake, ambayo mwanzoni ilitengenezwa kwa matumizi ya kiwandani mpaka mtu akagundua inafinyangika vizuri. Ilichukuliwa kama mchezo wa watoto hadi wasanii wa Marekani kama Pier Voulkos na Kathleen Dustin walipoichukua kwa uzito na kuanza kujenga yale magogo ya nakshi. Mwaka 1991 Nan Roche akaandika kitabu, The New Clay, kilichoueneza ufundi huo kila mahali.

Halafu inakuja sehemu inayonichekesha. Leo ukitafuta mafunzo ya polima utakuta mengi ya kukufundisha kuiga "shanga za biashara za Kiafrika". Nyingi za hizo shanga zilitengenezwa Venice, kwa kufuata macho ya wateja wa Afrika. Kwa hiyo una plastiki ya Kijerumani, mikononi mwa Mmarekani, ikiiga kioo cha Kiitaliano, inaitwa ya Kiafrika. Sasa mimi nikikata ua langu Nairobi ndiyo naambiwa si la huku?

Kwa hivyo kwangu swali la malighafi halina uzito sana. Ninachouliza ni nani aliyepanga nakshi na nani aliyelipwa. Ukienda kutengeneza kucha utaona vile vipande vidogo vya polima vya machungwa na matikiti vinavyobandikwa juu ya rangi. Hayo ni magogo yaliyojengwa na kukatwa ng'ambo, yanakuja kwenye paketi, yako tayari. Ni hivyohivyo kwa zile bangili za visahani vya polima vya rangi rangi ambavyo siku hizi vinaingia kutoka China. Mtu anavitunga kwenye uzi dakika kumi, anaandika "imetengenezwa kwa mikono Kenya". Kutunga ni kazi, siidharau. Wale wapagazi wa Taveta wangeniunga mkono. Lakini usimwambie mteja kwamba nakshi ni yako.

Kwangu naandika kwenye kadi ya kila jozi: udongo wa polima, yaani plastiki, nakshi imejengwa na kukatwa na mimi. Kuna wanaosoma neno plastiki wakarudisha hereni mezani. Ni haki yao. Na tukiwa wakweli, wanaojali mazingira wana hoja nzito kuliko wanaojali Uafrika, maana PVC haiozi. Mabaki ambayo hayajaokwa nayakanda upya nifanyie kiini cha shanga kubwa, kwa hiyo hayaendi jalalani. Yaliyoungua sina la kuyafanyia.

Na kwa mnaouliza kila siku kama mnaweza kuokea kwenye jiko la makaa: tafadhali msifanye hivyo. Makaa hayana kipimo, na PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na kifua. Nunueni kioveni kidogo hata cha mtumba, msikipikie chakula tena, wekeni kipimajoto ndani kwa sababu ile namba iliyoandikwa kwenye kitufe hudanganya, na fungueni madirisha.