Jina la Shirazi

Jina ni shahidi, lakini si hakimu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini twajua kuwa Iringa latokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Na ngome yenyewe ya Mkwawa ilikuwapo Kalenga mpaka Wajerumani walipoivunja kwa mizinga mwaka 1894. Hapo jina na historia vyakubaliana. Si majina yote yaliyo hivyo.

Huko Dodoma, pamoja na zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, hulimwa zabibu ya mvinyo mwekundu ambayo Wafaransa huiita Syrah, na watu wa Australia huiita Shiraz. Ilisimuliwa kuwa mpiganaji wa Vita vya Msalaba alirudi nayo kutoka mji wa Shiraz, Uajemi, akaipanda katika kilima cha Hermitage, kando ya mto Rhône. Lakini mwaka 1998 wataalamu wa California na Montpellier waliipima nasaba yake, wakakuta wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu za Ufaransa kusini-mashariki. Safari ya Uajemi haikuwapo.

Jina hilo ni la watu pia. Taarifa ya Kilwa yasimulia habari za Ali bin Hasan, mwana wa mfalme wa Shiraz. Na huko Zanzibar jina likaingia katika chama cha Afro-Shirazi, mwaka 1957. Wakoloni waliitumia hadithi hiyo kudai kuwa Mwafrika hakujenga miji ya mawe. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa baadaye waliikataa: walisema Waafrika wa pwani walijipa nasaba ya mbali ili kutafuta heshima.

Je, nao ni kama zabibu? La. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Kwa upande wa mama, asili yao karibu yote ni ya Kiafrika; kwa upande wa baba, wengi wana asili ya Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000.

Hivyo jina moja limetoa ushahidi wa uongo mahali pamoja, na nusu ya ukweli mahali pengine. Nusu ya pili haimo katika jina. Imo katika Kiswahili chenyewe, lugha ya Kibantu, ambayo watoto wale waliipata kwa mama zao.