Kilo za Mtoto, Moyo wa Mzee

Leo twende Uingereza, kaunti ya Hertfordshire, mwaka wa 1911. Bi. Ethel Margaret Burnside, msimamizi wa wakunga, alianzisha utaratibu mmoja: mkunga ampime mtoto akizaliwa, kisha muuguzi amtembelee nyumbani na kumpima tena akitimiza mwaka. Yote yaliandikwa kitabuni, hata kama mtoto alinyonya titi au chupa. Kazi ya kuchosha hiyo, naijua.

Vitabu vikahifadhiwa. Baadaye daktari David Barker na wenzake wakafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa huko kati ya 1911 na 1930. Mwaka wa 1989 walitangaza kwamba waliokuwa na kilo chache walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Wataalamu hueleza kuwa chakula kikipungua tumboni, mwili wa mtoto hutanguliza ubongo, na figo hupata kilichobaki.

Usiogope kama wako alizaliwa mdogo. Sigara, chumvi na unene wa ukubwani pia vinachangia, na hivyo vinazuilika.

Linaloniuma ni mama kuja kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi saba. Nitampa vidonge vya kuongeza damu, lakini miezi hiyo imekwenda. Njoo kabla ya miezi mitatu kuisha. Na kadi ya mtoto itunze hata chanjo zikiisha. Mama mmoja aliniambia yake aliwashia jiko.