Asili, Alama na Nafasi: Uteuzi wa Wanafunzi katika Uwanda wa Ruzizi na Nchi Jirani

Utangulizi

Luberizi ni kituo kilichomo katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, kando ya barabara iendayo Bukavu. Mashariki yake mto Ruzizi ndio mpaka wa Kongo na Burundi. Magharibi husimama milima ya Itombwe. Wafuliiru, Warundi, Wavira na Wanyamulenge wamekutana katika masoko ya uwanda huo, na Kiswahili kimewawia lugha ya kuuziana, kusali na kusomea. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: nafasi za masomo zinapokuwa chache kuliko wanaozihitaji, je, kijana apimwe kwa alama zake au kwa asili yake?

Swali hili si la Afrika peke yake. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vikuu visitumie rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumpokea. Hata hivyo, katika nchi za Maziwa Makuu swali hili lina uzito wa namna nyingine. Hapa aliyekosa nafasi kwa sababu ya asili yake aliweza baadaye kukosa uraia, na wengine walikosa hata uhai.

Urithi wa Ukoloni

Ubaguzi wa kwanza ulikuwa wa rangi. Katika Kongo ya Wabelgiji shule za watoto wa Kizungu zilitengwa na shule za Waafrika, na zilitofautiana katika mitaala, walimu na shahada. Milango ilianza kufunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1950. Mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ng'ambo ya ziwa kutoka Uvira, Wajesuti walianzisha koleji ya Roho Mtakatifu iliyopokea vijana wa rangi zote. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Lakini mlango ulifunguliwa jua limekwisha kuchwa: Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30.

Ubaguzi wa pili ulikuwa wa kabila, nao ulijengwa juu ya ule wa kwanza. Katika Ruanda-Urundi wakoloni waliamini kuwa Watutsi ndio waliozaliwa kutawala, wakawachagulia shule kulingana na imani hiyo. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 ili kuwafunza makarani na wasaidizi wa serikali, ilikuwa na wanafunzi Watutsi 45 na Wahutu 9 mwaka 1932. Ikumbukwe kwamba aliyetoka Astrida alipata kazi, mshahara na cheo. Kwa hiyo orodha ya wanafunzi ilikuwa pia orodha ya watawala wa kesho.

Mizani Iliyogeuzwa

Baada ya uhuru mizani iligeuzwa, lakini mizani yenyewe ilibaki ile ile. Nchini Rwanda, mapema mwaka 1973, kamati za wanafunzi zilibandika orodha za majina ya Watutsi na kuwafukuza katika Chuo Kikuu cha Butare na katika shule za sekondari. Wengi walikimbilia Burundi na Zaire. Juvénal Habyarimana alipotwaa madaraka mwezi Julai mwaka huo, alileta siasa iliyoitwa ya usawazisho: nafasi ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa. Watetezi wake walikuwa na hoja isiyopaswa kudharauliwa, kwani Wahutu walikuwa wamenyimwa elimu kwa miongo mingi. Lakini kabila liliandikwa katika kitambulisho cha kila mtu tangu miaka ya 1930, na mtoto aliyezaliwa baada ya uhuru akatozwa deni asilolikopa.

Burundi ilikwenda njia nyingine iliyofika shimo lile lile. Mwaka 1972, baada ya uasi wa mwezi Aprili, jeshi la serikali liliwaua Wahutu kwa maelfu, na waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, hata wale wa sekondari. Walionusurika walivuka mto na kuingia uwanda wa Ruzizi. Tangu hapo wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kuwapeleka watoto wao shuleni. Hapakuhitajika sheria ya kuwazuia, hofu ilitosha.

Zaire: Mkoa wa Asili

Zaire haikugawa nafasi kwa jina la kabila. Mtihani wa Leta, yaani wa serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, uliwapima vijana wa nchi nzima kwa maswali mamoja. Mwaka 1971, baada ya migogoro ya wanafunzi mjini Kinshasa, serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa. Kwa kuwa uandikishaji sasa uliamuliwa mahali pamoja, iliwezekana katika miaka ya 1970 kuwekea kila mkoa kiwango cha nafasi. Shabaha ilitamkwa kuwa ni haki: mikoa iliyopata shule za misheni mapema isizimeze nafasi zote.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ila utekelezaji ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa kipimo. Hadi mwaka 1988 Kivu ilikuwa mkoa mmoja, tangu Beni hadi Fizi, pamoja na Maniema. Kijana wa Luberizi alihesabiwa katika fungu moja na kijana aliyesomeshwa katika koleji za Bukavu. Kiwango kiliusawazisha mkoa na mkoa. Hakikuisawazisha shule ya udongo na shule ya matofali.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mkoa uliohesabiwa ulikuwa ule wa asili ya mababu, wala si ule alimokulia mwanafunzi. Je, asiyekubaliwa kuwa na asili popote nchini ahesabiwe wapi? Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 iliufuta, ikadai ushahidi wa mababu waliokuwamo nchini mwaka 1885. Hapo ndipo suala la shule lilipogeuka kuwa suala la utaifa. Swali "wewe ni wa wapi?" likawa mtihani unaotangulia mitihani yote. Katika uwanda wa Ruzizi, ambako mpaka wenyewe uliwekwa na wageni, mtihani huo ulikuwa mgumu kuliko hesabu, na vita vya mwaka 1996 vilionyesha ulikoelekea.

Hitimisho

Historia hii haituruhusu kusema kwa wepesi kwamba alama peke yake ni haki. Alama hupima akili, na vilevile hupima kitabu, taa, mwalimu aliyelipwa na usalama wa njia. Wala haituruhusu kusema kwamba asili ni dawa, kwani kila serikali iliyoandika asili ya mwanafunzi ilipata orodha iliyoweza kutumiwa na adui yake.

Njia iliyobaki ni kuupima upungufu mahali ulipo. Shule ya mwanafunzi, umbali wake, idadi ya walimu wake na miaka iliyopotezwa na vita ni mambo yanayoweza kuhesabiwa bila kumwuliza mtoto babu yake alizikwa wapi. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 iliyaacha masharti ya 1885 na kutumia mwaka wa uhuru. Hata hivyo, suala la asili halijaisha katika vinywa vya watu. Likiendelea kutangulia mlangoni pa shule, uwanda wa Ruzizi utazidi kuwapoteza vijana ambao hakuna aliyewahi kuwapima.