Ukucha uliozama, na mdudu asiyekuwepo

Msimu wa kilimo Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, ni msimu wa mabuti ya mpira. Kuanzia Novemba hadi karibu Aprili mkulima wa tumbaku anashinda kwenye matuta yenye tope, na mguu unashinda ndani ya jasho. Ukucha unalainika, na nyama ya pembeni inavimba kwa unyevu. Ndipo kidole gumba kinapoanza kugonga usiku, kikatoa usaha ubavuni, na mwenyewe akatangaza kwamba ameshikwa na mdudu wa kidole.

Jina hilo limebeba mizigo mingi. Wanaliita hivyo jipu linalotunga kando ya ukucha wa mkono baada ya bakteria kupenya kwenye kijeraha. Kamusi zina neno zuri zaidi kwa hilo, kaka. Wapo wanaolichanganya na funza, kiroboto anayejichimbia kwenye ngozi, mara nyingi kandokando ya kucha za miguu, akaacha kidoa cheusi katikati ya kiuvimbe cheupe. Funza ni mdudu kweli, tena mgeni: asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alifika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872 kabla ya kuenea hadi huku kwetu. Lakini kwenye kidole cha mkulima wetu hakuna mdudu wa aina yoyote. Kuna ukucha wake mwenyewe.

Madaktari huita hali hiyo onikokriptosisi, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la ukucha na la kitu kilichofichika. Kwa Kiswahili wengine husema "ukucha unaoota ndani". Silipendi, kwa sababu linamfanya mtu adhani ukucha umegeuza njia. Haukugeuza. Ukucha wa mguu huendelea mbele kama kawaida, kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi. Kilichotokea ni kwamba pembe yake ilikatwa kwa wembe hadi chini sana, kikabaki kipande chenye ncha ambacho jicho halikioni. Kadiri ukucha unavyosogea, ncha hiyo inazama kwenye nyama kama mwiba. Kiatu kinachobana huisukumia nyama upande huo huo. Kwa hiyo nasema ukucha uliozama: jina linaonyesha kilipo kitu kinachopaswa kutoka.

Na hapo ndipo jina linapogusa tiba. Aliyeamini ana mdudu atatafuta cha kumuua mdudu: atachovya kidole kwenye ndimu, au atapita duka la dawa muhimu kuomba vidonge vya antibaiotiki. Vidonge vinaweza kutuliza wekundu kwa siku chache, ila ncha ikiwa bado imo, usaha unarudi.

Tatizo likiwa changa, yaani maumivu na uvimbe bila usaha, nyumbani panatosha. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku, kisha ukaushe vizuri. Ngozi ikilainika, inua pembe ya ukucha taratibu na uweke chini yake kipande kidogo cha pamba safi, ukikibadilisha kila siku. Mabuti yapumzike kila inapowezekana. Makatambuga yanayoacha vidole wazi yanafaa kuliko kiatu chochote cha dukani. Usichokonoe kwa pini wala wembe.

Usaha ukishatoka, au nyama nyekundu inayovuja damu ikiota juu ya ukucha, nenda kituo cha afya. Tabibu hudunga ganzi kwenye shina la kidole, akakata na kutoa ukanda wa pembeni tu wa ukucha. Inapopatikana, fenoli hupakwa kwenye mzizi wa ukanda ule ili usiote tena, na hilo hupunguza sana kurudi kwa tatizo. Kung'oa ukucha mzima, jambo linaloogopwa na wengi kwa haki, mara nyingi si lazima: ukucha wa gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kurudi, na unaweza kuzama tena. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama jeraha limekaa kwenye udongo.

Mwenye kisukari asijaribu hata hatua ya pamba. Mishipa yake ya fahamu inaweza kuwa imefifia, asisikie maumivu, na damu isifike vizuri kidoleni. Kijeraha kinachopona kwa jirani yake kwa wiki moja chaweza kumgharimu kidole, au mguu. Huyu akaguliwe na mtaalamu siku anapoona wekundu. Wekundu ukipanda kuelekea kifundo, au homa ikija, yeyote awaye asingoje kupambazuke.

Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, baada ya kuoga zikiwa laini, pembe ziachwe zionekane juu ya nyama. Na mtoto anayebanwa na viatu vyeusi vya shule vya mwaka jana anunuliwe vingine, hata vya mtumba, mradi vidole vinacheza ndani.