Kutoka Mchanga Hadi Shanga za Kioo: Historia Fupi ya Kupiga Kutu

Leo naweka programu kando, tuongee kuhusu kutu. Ukishuka ziwani kutoka Kisegi utakuta mashua za wavuvi zenye injini za petroli, na kila injini ina siku yake ya kufika mezani kwa fundi ikiwa na ukoko mweusi. Fundi ana msasa, brashi ya waya na subira. Kuna njia nyingine, tena ni ya zamani kuliko meli nyingi zilizowahi kuelea Ziwa Victoria.

Mwaka 1870 Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipata hataza ya kurusha mchanga kwa nguvu ya mvuke, hewa au maji ili kuchonga mawe, kioo na chuma. Huku kwetu, meli ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, na mwaka 1914 ikafuata Rusinga, yenye jina la kisiwa kilicho jirani na Mbita. Zote zilijengwa Scotland, zikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kisumu. (Sisi wa kompyuta tungesema zililetwa kama faili zilizogawanywa!) Kutoa kutu kwenye meli za zama hizo kwa kawaida kulikuwa kazi ya nyundo na kikwaruzo, bati baada ya bati.

Mchanga wa Tilghman ulikuwa wa haraka, lakini ulikuwa na deni. Punje ikigonga chuma hupasuka kuwa vumbi la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na wachimba dhahabu nao huupata kwa vumbi la miamba. Uingereza ilipiga marufuku mchanga katika kazi hii viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Nani amewahi kumwambia kijana wa jua kali anayepuliza mchanga na kitambaa puani?

Hapo ndipo shanga za kioo zinapoingia. Msidhani ni za shingoni; hizi ni vidonge vidogo, ndugu za zile zinazong'arisha mistari ya barabarani usiku. Cha ajabu, kioo chenyewe hutengenezwa kwa mchanga, ila ukishayeyushwa pamoja na magadi na chokaa, silika yake haina tena ule umbo la fuwele unaoua. Barakoa bado inahitajika, maana kutu na rangi kuukuu navyo vina sumu yake.

Sasa hesabu kidogo. Shanga ya milimita 0.6 ina kipenyo mara mbili ya ile ya 0.3, lakini uzito wake ni mara nane. Kwa kasi ileile, kila pigo lina nguvu mara nane. Ila katika kilo moja idadi ya shanga ni moja ya nane tu. Ndiyo maana shanga kubwa hutoa ukoko mgumu, lakini huchelewa kufunika eneo lote.

Je, zingefaa kwa bati la meli? Mimi nasema hapana. Shanga ni mviringo, hugonga kama nyundo ndogo na kuacha uso laini. Rangi ya meli hutaka mikwaruzo ya kushikilia, na hiyo huletwa na punje zenye pembe. Kwa pistoni au kabureta ya alumini, hata hivyo, shanga ndizo zenyewe: husafisha bila kula chuma kingi.

Kazi hufanyiwa ndani ya sanduku lililofungwa lenye glavu na kompresa, na shanga huchekechwa zitumike tena mpaka zivunjike. Zilizovunjika hukwaruza. Na kabla ya kuifunga injini, kila tundu la mafuta lioshwe na kupulizwa, kisha lioshwe tena. Shanga moja iliyosahaulika humo itafika kwenye beringi, na mvuvi ataijua akiwa katikati ya ziwa.