Vitabu kwa Ndugu Walio Butimba

Huduma ya kuwatembelea walio kifungoni, katika mji wetu, haitengani na historia ya kisomo kando ya Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, ili mtu ajifunze herufi kwa kazi aliyoizoea. Lakini aliyekwisha kujua kusoma, akikosa cha kusoma, husahau.

Ndivyo ilivyo pia nyuma ya kuta za Gereza Kuu la Butimba. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizorekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, zinataka kila gereza liwe na maktaba ya kujielimisha na kujiburudisha.

Hapa yatupasa kusema kweli juu yetu wenyewe. Tuombwapo vitabu vilivyotumika, mara nyingi hutoa tusivyovitaka: vya mitaala iliyokwisha kuachwa, tena vimechanika. Mfungwa anayeandaa rufaa, ambayo huiwasilisha kwa kupitia mkuu wa gereza, anahitaji kamusi na maelezo ya sheria kwa Kiswahili. Mwingine anahitaji ushairi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya hadi mwaka 1972, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973. Ingefaa iwemo katika sanduku letu lijalo, iwapo mwenye nakala atakubali kuachana nayo.