Mafua ya vumbi: dawa gani inasaidia pua, na gani inaichokesha?

Kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi la barabara kati ya Kasongo na Kabambare pamoja na moshi wa mashamba yanayochomwa vinawasha pua. Chafya na makamasi mepesi bila homa mara nyingi ni aleji.

Ndani ya pua kuna vinywele vidogo sana, macho hayavioni. Vinasukuma makamasi na vumbi lililonaswa kuelekea kooni, kama milimita 5 kwa dakika. Aleji inapunguza mwendo huo. Dawa nazo hazifanani:

Maji ya chumvi: gramu 9 (kijiko cha chai kimoja na nusu) katika litre 1 ya maji yaliyochemka na kupoa. Yanaosha vumbi na kulegeza makamasi.

Dawa ya kupuliza ya beklometazoni au budesonidi: inapoza uvimbe, vinywele vinapata nafuu. Inataka siku kadhaa, usiache haraka.

Klorofeniramini: inazuia chafya, lakini inakausha makamasi na kuleta usingizi. Wamotari, musiimeze mukiwa kazini.

Matone ya kufungua pua, kama ksilometazolini: yasipite siku 5. Ukizidisha, pua inaziba kuliko mwanzo, na wewe unarudi kununua tena.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, uliza jina la dawa na siku zake. Kifua kikibana, ao makamasi yakitoka na damu, nenda kituo cha afya.